Hapana Kufunga Tuyo ya Juu

Butembo, tarehe 3 Juni 2025

Papa yangu mupendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Mugongo iko namna gani? Na shamba la kakao? Siye huku tuko bazima, batoto banakula. Ni baridi tu njo inatusumbua. Simu yangu iliangukia mu ndoo, ikakufa. Lakini hata ingekuwa nzima, masikio yako hayasikiake simu, donc naandika, na shofere Zorobabel atakupatia hii mu mukono.

Mama mukwe wangu Jokébed alikimbia vita kule Lubero, sasa iko na siye. Asubui mifupa yake inakamatana mpaka anashindwa kusimama. Kupasha maji sufuria kwa sufuria, kwa batu munane, kunanimaliza. Mbele ya kwenda Kipese kununua viazi, bwana yangu Salomon aliacha pipa la chuma na matuyo, mabomba ya kupitisha maji. Nataka tujenge jiko la matofali chini yake, kuni ziwake, maji ya moto yatokee ku robine mu chumba cha kuogea. Wewe ulikuwa unafanyaka kazi hii pa misioni mbele nizaliwe. Nieleze, papa. Nichoree hata kidogo.

Mutoto wako,
Hadassa

Beni, tarehe 6 Juni 2025

Mwanangu Hadassa,

Barua imefika, wasingya, aksanti. Mugongo unavumilia. Usalama wa huku unaujua. Jioni batu banasimama ku mulango kusikiliza kama kuko masasi ya bunduki. Mimi naangalia tu sura zao.

Maneno ya pipa, acha. Pasha maji ku mbabula ya makala. Ile kazi niliisahau.

Umusalimie mama Jokébed.

Papa yako,
Gamaliel

Butembo, tarehe 11 Juni 2025

Papa,

Salamu nyingi. Ulikula muzuri? Unalala?

Barua yako ilinikwaza kidogo, sitaficha. Wewe unaandikaka kurasa tatu hata juu ya kuku mumoja. Basi nilimuita jirani yetu Eliezer, ule anachomelea milango ya chuma. Alijenga jiko inje, nyuma ya jikoni, akapandisha pipa juu yake. Maji baridi yanatoka mu tanki iliyo juu ya ukuta, yanaingia chini ya pipa. Ya moto yanatokea juu, yanaenda ku robine. Papa, mama Jokébed alipoweka mikono mu yale maji alilia. Sasa tunaoga bote asubui, hata mutoto mudogo.

Kitu kimoja tu: kuko tuyo ndogo ya juu, inasimama wazi na kutoa mvuke. Eliezer anasema ni moto wetu unapotea mu hewa. Siku ya posho, tarehe kumi na ine, atafunga hiyo tuyo na kifuniko cha chuma, aweke na robine ya kuzuia maji yasirudi mu tanki. Anasema tutaokoa nusu ya kuni.

Wakati mwingine pipa linanguruma, gu, gu, gu. Ni kawaida?

Mutoto wako,
Hadassa

Beni, tarehe 13 Juni 2025

Hadassa, HAPANA WASHA HUO MOTO!

Naandika nikiwa nasimama pa parking ya magari, Zorobabel iko ananingoja. Mwambie Eliezer hapana kufunga tuyo ya juu. Hapana! Maji yakichemka mu chuma kilichofungwa pande zote, mvuke unatafuta mahali pa kutokea. Ukikosa, unapasua chuma.

Unajua kama rafiki yangu Muyisa alikufa mu ajali ya kazi. Sikukuambia ajali gani. Tulikuwa bawili, tuliweka pipa kama hilo pa misioni. Batu ba misioni bakatuambia tunapoteza kuni. Ni mimi nilifunga, Hadassa, kwa mukono wangu huu, na Muyisa akabaki pale kuchochea moto. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Ile sauti njo ya mwisho niliyosikia muzuri. Munafikiri masikio yangu ni uzee. Hapana.

Uliniuliza nikuchoree, nikasema nilisahau. Nilipata haya. Kama ningekuandikia ukweli tarehe sita, leo nisingekuwa nakimbiza barua.

Zorobabel anasema njia imefungwa tangu jana. Atajaribu.

Papa yako

Beni, tarehe 15 Juni, siku ya yenga

Hadassa,

Zorobabel alirudi na barua yangu ingali mu mufuko. Banashambulia magari njiani, basoda banarudisha batu. Jirani alijaribu kupigia Salomon, haipitike. Posho imepita. Sijui kama naandikia mutu muzima.

Siwezi kukaa. Kesho nitapanda moto, pikipiki ya kijana mumoja Gérard, anajua njia za mu mashamba. Barua zote mbili atazibeba yeye mu koti, ili zifike hata kama mimi sifike.

Papa yako

Butembo, tarehe 18 Juni 2025

Papa yangu, uko wapi?

Barua zako zimefika jana. Gérard alizileta kwa miguu, bila pikipiki, bila wewe. Anasema masasi yaliwaanzia mu bonde, akalala chini akakupigia kelele, “Muzee, lala!” lakini haukusikia. Ulikimbia peke yako mu mashamba. Gérard analia kama mutoto.

Naandika ya huku ili ujue. Eliezer alifunga siku ya posho. Siku ya yenga, mbele ya ibada, pipa likaanza kunguruma, halafu likanyamaza, na tumbo lake likavimba. Ile kunyamaza njo iliniogopesha. Nikakumbuka barua yako ya mistari sita. Nikajiuliza: papa anaogopa nini mpaka anakosa maneno? Nikafukuza bote barabarani, nikafungua robine ya maji ya moto. Mvuke ulitoka na kelele, ukachoma mukono wangu mupaka ku kiwiko. Nikavuta kuni zote na mupao, lile koleo la majivu, nikakimbia. Pipa halikupasuka. Lilipopoa, Eliezer alikuja kukata kifuniko yeye mwenyewe.

Siye bote tuko bazima, papa. Kama ulitoka Beni juu yetu, tuko bazima. Natuma hii kwa Zorobabel, aulize kila nyumba njiani.

Mutoto wako, mutoto wako,
Hadassa

Tarehe 20 Juni

Hadassa,

Zorobabel alinikuta leo. Niko kwa mama mumoja, jina lake Bénite, alinitoa mu shamba lake la maharagi. Nilikaa mule siku mbili. Mguu umevimba, lakini siko na kidonda cha sasi. Barua yako naisoma mara ya tano.

Mukono wako uupake asali, usiufunge sana. Moto musiwashe. Nakuja kuweka hiyo tuyo mimi mwenyewe, wazi, na kichwa chake kipande juu kupita tanki.

Nikibisha mutauliza ni nani, sababu siku hizi batu bote banauliza. Sitasikia. Hapana ogopa, mwanangu. Fungua.

Papa yako,
Gamaliel