Maji Baridi

Alhamisi, 11 Februari 2010
Kesho natoka Stockholm kwenda Malmö, harusi ya rafiki yangu Natalie. Shemeji Severin kapiga simu tena. Nikishindwa na tangi la samaki wa baharini la marehemu kaka yake, atalichukua. "Wewe wa milimani, shemeji, bahari umeijulia wapi?" Nikacheka. Ningefanya nini? Lakini tangu mume wangu Obiero afariki halijafa hata tumbawe moja. Hata moja!
Callixte wa ghorofa ya chini ataliangalia. Mrundi mpole. Anashangaa samaki wasioliwa. Nimemwambia kazi ni moja: maji yakipungua, aongeze maji baridi, yako jikoni kwenye dumu. Chumvi asiguse.

Ijumaa, 12 Februari
Kwenye treni. Theluji tupu nje. Nimekumbuka Obiero akitia mkono tangini, yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa anamdonoa. Yeye peke yake. Mimi hakuwahi kunigusa. Obiero alikuwa anajisifu: "Ananijua huyu!"

Jumapili, 14 Februari
Nimerudi. Mungu wangu.

Jumatatu, 15 Februari
Leo naweza kuandika. Matumbawe meupe, yanateleza kama ute. Harufu mpaka kwenye ngazi. Tangi limejaa pomoni, ukigusa ni barafu.
Callixte alikuja anatabasamu. Nimefanya vile ulisema, dada, baridi kabisa! Yale ya dumu yalikuwa vuguvugu, akayamwaga. Akachota theluji kwenye balkoni, ndoo kwa ndoo. Hita ya tangi akaizima, isije ikaharibu kazi.
Maji baridi! Kwa Obiero, mtu wa Likoni, ndiyo maji yasiyo na chumvi. Maji ya tangi hupanda hewani, chumvi inabaki, basi unaongeza maji baridi. Nilikuwa mgeni kwa neno hilo hata mimi. Nililipenda kwa sababu lilikuwa lake. Nikampa Callixte kama lilivyo.
Nikamwambia asante. Kaniletea na ndizi za kupika.
Hita nimeiwasha.

Jumanne, 16 Februari
Samaki mkubwa, jike, mwenzi wa yule mdogo, amelala ubavu. Bado anahema. Kamba wa humo tangini, aliyekuwa akimsafisha meno, sasa anamla, anaanzia jichoni. Kwa utaratibu, kama mtu anayechambua mboga. Nilimfukuza kwa kijiko. Akarudi. Nikamfukuza. Akarudi.
Nilimwambia Severin mwenyewe, asisikie kwa watu. Alicheka mpaka akakohoa. "Umemwambia Mrundi maji baridi! Stockholm! Februari!" Kisha sauti ikabadilika. Kaka amekufa mara mbili, shemeji, na ya pili ni mkono wako. Kesho anakuja na ndoo kuchukua kilichobaki.
Kilichobaki ni yule mdogo.

Jumatano, 17 Februari
Mdogo hatoki nyuma ya jiwe. Mkubwa kaisha, miiba tu. Obiero alisema kwa samaki hawa jike akifa, dume hugeuka jike, maisha yanaendelea. Yanaendelea na nani humu?
Severin katuma ujumbe: yuko kituo cha treni cha Akalla, hapa mtaani kwetu.
Nimetia mkono kutoa miiba. Nikahisi kitu kwenye kidole. Nikadhani ni kamba. Hapana — ni yeye! Kanidonoa. Tena! Pale pale alipokuwa akimdonoa Obiero, karibu na ukucha.
Kengele inalia. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko majini. Severin anaita jina langu kwenye tundu la barua mlangoni. Anagonga kwa ndoo.
Kanidonoa tena.