Kopo la Tano Liko Kwako

Baba Nyamisi,

Ningeanza kwa salamu kama tulivyofundishwa, mimi mzima hofu ni juu yako. Lakini safari hii wewe umepumzika, hofu yote iko juu yangu. Naogopa, mume wangu. Naogopa mpaka uji hauteremki.

Leo Jumamosi, saa nne asubuhi. Nimekaa kwenye kidirisha cha tiketi, kwenye stuli yako ile ya mguu mfupi, naandikia kwenye daftari la zamani la Nyamisi. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la nne tu, lakini herufi zinasimama wima kama gwaride. Mwenyewe ulikuwaga unasema hakuna mwanamke mtaa mzima wa Mukendo hapa Musoma anayeandika LEO kwenye ubao wa sinema kama mkeo, na ulikuwa husemi uongo.

Mambo yamebadilika tangu utuache. Wewe uliondoka tukiwa bado tunapanga foleni ya sabuni, na unakumbuka ulivyopasua betri za redio kutafuta kaboni ya kuwashia mashine, watu wakaona picha hafifu kama iko chini ya maji na bado wakapiga makofi. Sasa maduka yamejaa. Sabuni ziko za rangi tatu. Kila kitu ruksa. Na furu, wale samaki wako wadogo uliokuwa unawatafuna na miba yao, siku hizi huwapati. Sangara amewamaliza, amejaa yeye ziwa zima, mnene, anapelekwa kiwandani.

Nakwambia habari za sangara kwa sababu yupo mwingine ameingia mjini. Anaitwa Bwana Wambura, mnunuzi wa pamba wa Bunda. Kule Bunda alianza na ukumbi mmoja wa video. Huku kwetu amejenga karibu na stendi, jengo moja lina vyumba vitatu, kila chumba na televisheni yake ya rangi. Huku karate, huku Wahindi wanaimba, huku mpira. Mtu akichoka na karate anahamia kwa Wahindi. Sisi tuna kitambaa kimoja, mashine moja na fundi mmoja, Masatu wako, ambaye macho yameanza kumsaliti.

Ila tuna Nyamisi.

Baba Nyamisi, ungemsikia! Ile kazi yako ya kusimama kando ya kitambaa na kuwasimulia watu kwa Kiswahili kile anachosema Mhindi wa kwenye picha, sasa ni yake. Kihindi hajui hata neno, kama wewe tu ulivyokuwa hujui. Lakini akilia yule wa kwenye picha, Nyamisi ndiye anayekutoa machozi. Wamama wanakuja na watoto mgongoni kumsikiliza yeye, si picha. Mimi nimezaa, jamani. Wengine wamejifungua tu.

Sasa sikiliza kosa langu, na usinifokee.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka. Unajua ninavyokuwaga kwenye mnada. Damu inachemka. Bwana Wambura alikuja kusali kwetu, akamnunua jogoo mwekundu, akamkumbatia kwapani, halafu akaniita mbele ya watu wote.

"Mama Nyamisi! Jogoo nimempata, bado sauti. Nipe yule binti akasimulie kanda kwangu. Aanzie Bunda."

Wanawake wakacheka. Mimi ningecheka nao, yangeisha. Lakini mdomo huu! Nikamwambia, "Kwako watu wanaingia na kutoka kama kuku bandani. Kwetu mtu akikaa, hanyanyuki mpaka mwisho."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja! Jumapili ijayo njoo ukae mwenyewe uone. Akitoka mtu mmoja tu kabla ya mwisho, mchukue Nyamisi siku hiyo hiyo, na mlango wa sinema yetu nitaufunga kwa mkono wangu."

Mzee wa mnada alikuwa ameshika fimbo yake. Kwa utani tu akaigonga mezani. "La kwanza! La pili! La tatu! Limekwenda!" Kanisa zima likapiga vigelegele.

Nilipogeuka, Nyamisi alikuwa nyuma yangu na joho lake la kwaya. Hakupiga kelele. Alisema maneno machache tu. "Mama, umenipiga mnada pamoja na jogoo."

Tangu siku hiyo ananipa shikamoo ya mlangoni na kupita. Ugali anakula, anaosha sahani, anaenda kulala. Ningependa anitukane.

Ndiyo maana Alhamisi nilipanda basi mwenyewe kufuata mkanda Bunda. Siku zote ukishaonyeshwa kule, utingo anatuletea. Lakini niliogopa, Bunda ni kwa Wambura, kopo moja la mkanda linaweza kupotea njiani. Nikayachukua makopo yote matano, nikayapanga kwenye kikapu, nikafunika na kanga. Nilipofika njia panda nikashuka, nikaja kwako Butiama, kaburini. Uliniona. Nilikupangia makopo juu ya saruji, nikayagonga moja moja kwa kifundo cha kidole kama ulivyokuwa unafanya, nikasema maneno yako: "Karibu mgeni, umekuja na nini?" La mwisho nikaliweka kichwani, karibu na msalaba, maana wewe ulikuwaga huwezi kusubiri, lazima ujue kwanza inaishaje. Nikalia kidogo. Mvua ikaanza, na mdogo wako Majura akapiga honi ya pikapu. "Shemeji, barabara itakatika!" Nikakusanya mbio.

Kikapu nimekifungia kabatini bila hata kukifunua, funguo iko shingoni kwangu. Kesho Masatu atakuwa anapokea kopo moja moja kutoka mkononi mwangu. Hakuna atakayegusa.

Kesho saa tisa. Kama unasikia huko uliko, simama mlangoni na mimi.

*

Jumatatu, mchana.

Baba Nyamisi, kopo la tano liko kwako.

Ngoja nikueleze vizuri.

Ukumbi ulijaa. Ulijaa! Viti vyote, mabenchi ya kuazima kanisani, wengine wamekaa chini. Bwana Wambura alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, miguu ameinyoosha, kila mtu akijikuna yeye anamtazama kama ananyanyuka. Mimi nimesimama mlangoni na kitenge changu cha sikukuu, jasho linatiririka mgongoni. Mtoto wa mtu alitaka kwenda kukojoa, nikamwambia mama yake, mpe hili kopo la maziwa. Nisamehe.

Mkanda wenyewe ulikuwa wa mama aliyempoteza mwanawe sokoni, anamtafuta mpaka nywele zinaota mvi. Nyamisi aliuchukua kuanzia mwanzo. Alikuwa mama, alikuwa mtoto, alikuwa polisi mwenye kitambi. Kopo la kwanza, la pili, la tatu, hakuna aliyekohoa. La nne likaisha pale mama na mtoto, sasa ni mtu mzima, wanakutana uso kwa uso. Masatu akaja mbio kidirishani. "Mama, la mwisho."

Nikafungua kabati, nikaingiza mkono chini ya kanga. Mkono ukagusa ukindu wa kikapu.

Nikaipapasa ile kanga. Nikaikung'uta. Nikaona saruji yako, msalaba, mvua.

Masatu kwa kuogopa giza akaacha taa ya mashine iwake tupu. Kitambaa kikabaki cheupe pee. Watu wakaanza miluzi. "Vipi huko!" "Fundi amelala!" "Tumalizieni, mama kashamuona mwanawe!" Mtu wa tatu kutoka mbele akainuka nusu, anatafuta ndala zake kwa mguu. Bwana Wambura naye akakunja miguu, akaanza kutabasamu.

Nikapita katikati ya watu, nakanyaga vidole, mpaka kwa Nyamisi. Nikamwambia sikioni, "Mwanangu, nimeliacha la mwisho kwenye kaburi la baba yako."

Alinitazama. Wiki nzima hajanitazama hivyo. Nilifikiri atatoka yeye wa kwanza, awe ndiye yule mmoja. Ningestahili.

Akaingia kwenye ule mwanga. Kivuli chake kikajaa kitambaa chote, kikubwa kuliko picha.

"Kaeni," akasema. "Mwisho wa mkanda huu uko Butiama kwa Baba. Mama ameusahau juu ya kaburi."

Halafu mtu akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukacheka, mimi nikitamani ardhi inimeze. Akawangoja wamalize. Halafu akaanza kwa maneno yako, kwa sauti yako ile ya kifuani: "Basi, ndugu zangu, shikeni roho zenu."

Nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Akasimulia bila picha. Alinyanyua mkono mmoja, kwenye kitambaa ukawa mama. Akanyanyua wa pili, ukawa mtoto. Akasema, mama alimkimbilia mwanawe amkumbatie, lakini mwana akarudi hatua nyuma, akauliza, "Mama, sokoni siku ile, ulinipoteza au ulinitoa?"

Akakomea hapo. Mikono iko juu, haigusani.

"Mama akajibu nini?" Nyamisi akauliza watu. Alikuwa anatazama mlangoni, ambako nilikuwa nimesharudi.

Mwanamke mmoja wa Mwigobero, muuza dagaa, akapiga kelele, "Amwambie ukweli!" Mzee mwingine, "Apige magoti!" Mimi nilifungua mdomo wangu huu ambao haujawahi kukosa neno, kanisani, sokoni, kwenye msiba wako. Hakikutoka kitu. Baba Nyamisi, naapa, hakikutoka.

Nyamisi akangoja kidogo. Akaushusha ule mkono wa mtoto pole pole mpaka ukaushika ule wa mama. "Mama hakujibu," akasema. "Wakaondoka sokoni. Mtoto alitangulia mbele, mama akafuata nyuma. Mwisho."

Hakuna aliyetoka. Hata mmoja. Yule wa ndala alisimama hivyo hivyo na ndala moja mpaka mwisho.

Unafikiri nilishangilia? Nilianza. Nilifungua mikono nimkabili Bwana Wambura, nimwambie umeona, umeona nimezaa nini. Lakini yeye alishapita, kofia mkononi, akaenda mbele kwa Nyamisi. Nikamsikia.

"Mama yako ameshinda, sina neno. Ila mapatano yale yalikuwa ya mimi na yeye. Wewe sikukuuliza. Sasa nakuuliza mwenyewe. Utakuja?"

Hilo ndilo lililonichoma. Sangara yule amemuuliza. Mimi niliyembeba, nikamnyonyesha, nikamfundisha kuandika jina lake kwenye mchanga wa ziwa, sikumuuliza.

Nyamisi akamjibu, "Nipe mpaka Jumatano."

Hakusema hapana, Baba Nyamisi. Alisema mpaka Jumatano.

Watu nao wamedai Jumatano waone mwisho wa kweli, wapime nani mkali, Mhindi au binti yako. Mimi nikasema nitakwenda Butiama mwenyewe kulifuata kopo. Nyamisi akasema, "Hapana. Nitakwenda mimi. Nina maneno na Baba." Anaondoka kesho na basi la kwanza. Nimeuona mfuko wake mlangoni. Ni mkubwa kwa safari ya kopo moja. Ameweka viatu vya kanisani.

Sijamuuliza kwa nini. Najifunza.

Lakini naogopa. Pale njia panda magari yanapita pande zote mbili. Akivuka barabara anapanda la Musoma. Asipovuka, la Bunda linamkuta hapo hapo aliposimama. Kopo anaweza kumpa utingo alete, kama kawaida. Nikikaa kidirishani, moyoni naliona basi linaingia stendi, utingo anashuka na kopo peke yake.

Sasa nakuomba, usimzuie. Mpe kopo lake. Akitaka ushauri mpe, lakini usimwambie kwamba mama yake anateseka, unajua kulainika kwa yule mtoto. Na mimi nakuahidi mbele ya msalaba wako: mdomo wangu nitaupeleka mnadani kwa mambo yangu tu. Kwa sauti yake na miguu yake sitaweka neno tena, hata nikichokozwa na kanisa zima. Akienda Bunda, nitamfungia samaki wa njiani na nitajisifu huko huko Bunda, kwa ruhusa yake. Akirudi, funguo ya kabati nitaivua shingoni, nimpe.

Na kama atakuuliza nilichoshindwa kujibu jana, jibu langu ni hili. Sikumpoteza, nilimtoa. Nilimtoa kwa sababu nilikuwa nimelewa kwa kumsifia, nikasahau kwamba anayesifiwa ana masikio. Ni kosa langu, si lake wala la Wambura.

Barua hii nampa yeye ailete. Ataiweka pale lilipo kopo, chini ya jiwe, upepo usiichukue. Bahasha ninayo, nzuri, ya dukani. Sijaifunga. Nimeikunja tu karatasi mara mbili. Njia ya Butiama ni ndefu, na yule mtoto amerithi kwako, hawezi kusubiri kujua inaishaje.

Pumzika, mume wangu. Jumatano saa tisa nitakuwa mlangoni na kitenge changu, nikitazama upande wa stendi.

Mkeo,
Mama Nyamisi