Rangi ya Kambini

Jumatatu, 4 Machi 1974. Kasese
Betri mbili za kuchaji, starta ya lori la pamba. Halafu akaja afande wa kambi ya jeshi na gari langu. Naandika tena: langu. Nililinunua kwa Mhindi wa duka la vitambaa alipofukuzwa nchini, gari kuukuu lakini zima. Mwaka jana afande akaliazima kwa siku moja. Leo ananiletea mimi nilitengeneze. Hana hata haya.

Lilikuwa bluu. Wamelipaka kijani cha kambini.

Taa za nje zimeharibika, naye Jumamosi anataka kusafiri nalo. "Tengeneza taa. Mimi nakwenda Bwera mara moja. Halafu chukua gari yako." Nikasema ndiyo, afande.

Jumanne, 5 Machi
Balbu nzima. Fyuzi nzima. Ukikanyaga breki, inawaka indiketa, tena kwa unyonge. Ukiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinakonyeza. Za mbele zimefifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Nimefuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye buti. Hakuna uliokatika. Mgongo unauma. Nimeshinda chini ya gari langu mwenyewe nikimtumikia mwizi.

Masika, mke wangu, anasema mtu yule harudishi kitu. Nilimjibu vibaya.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Sikugusa gari.

Nimewaza kumwambia afande kuwa limenishinda. Fundi mmoja wa Muhokya alimwambia hivyo. Alitoka kambini anachechemea.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata. Nimecheka peke yangu, kwa hasira. Nilichukua waya mrefu, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine nikaigusisha bati la taa ya nyuma. Ikawaka nyekundu safi. Kumbe umeme ulikuwa unafika, ila haukuwa na njia ya kurudi. Hurudi kwa kupitia bodi ya gari, na askari walifungua taa zote, wakapaka rangi mpaka ndani ya matundu ya skrubu, wakazifunga juu ya rangi hiyo hiyo, nayo rangi haipitishi umeme. Ndiyo kazi ya kambini. Mkubwa akipita kukagua, aone kijani tu. Mawe ya mlangoni wanapaka. Hata ndoo.

Nimekwangua kwa kisu mahali pote taa zinapokaa. Chini ya kijani ikatokea bluu yangu. Nimekwangua na hiyo pia, mpaka bati likawa jeupe. Imeniuma.

Taa zote zinawaka. Nikazima haraka. Ningeweza kuzirudishia rangi, kopo lipo, brashi ipo, gari libaki hapa. Lakini amesema atalirudisha, na mjinga mimi nataka kuamini.

Jumamosi, 9 Machi
Afande amekuja asubuhi. Akazunguka gari, akaniamuru nikanyage breki, niwashe hiki, nizime kile. Akapiga buti kofi. "Kesho." Asante hakuna. Nilisimama barabarani mpaka likapotea kuelekea Bwera, mpakani.

Jumatatu, 11 Machi
Hakuja.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwona afande mjini, anatembea kwa miguu. Viatu vipya. Amenitazama usoni kama hanijui. Namchukia. Masika hajasema kwamba aliniambia, na hilo ndilo linanichoma zaidi.

Ijumaa, 22 Machi. Bwera
Siku ya soko. Nimekuja kutafuta waya wa Kongo, Kasese hakuna. Gari langu limeegeshwa kando ya magunia ya chumvi. Kijani kile kile. Rozari inaning'inia kwenye kioo.

Mwenyewe ni mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mtu mpole, alinipa hata kigoda nikae. Nikajifanya natafuta gari la namna hiyo. Akasema alilinunua kwa afande mmoja, hapa hapa sokoni. Mwanzo aliogopa, gari ni la zamani. "Lakini afande aliniwashia mataa yote, ya mbele na ya nyuma. Kama haingewaka, ningemuachia mutuka yake."

Nikamwambia taa ni nzuri.

Akauliza kama namfahamu fundi aliyezitengeneza, anataka amtazamie na honi. Nikasema simfahamu.

Waya nimepata. Nasubiri lori la Kasese.