Kasa Alikuwa Analia

Kambi ya Kasa, Mchangani
4 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, malaria imeniacha. Je, hapo Lukozi hamjambo? Nimefurahi kusikia Mjomba Nikodemo anawaleta wazee wa kijiji cha ujamaa kuona kasa wakitaga. Ila wasije kama wanakwenda mnadani! Hapa ni hifadhi. Taa na moto marufuku, kasa akiona mwanga anarudi baharini na mayai yake. Wakae kimya mpaka niwaite, wapite nyuma yake, na asiguswe hata kidogo. Mwezi uliopita majangili walimkata mwenzangu Silvano mkono, kwa hiyo usiku sisi walinzi tunapiga kwanza, kuuliza baadaye. Mwambie mjomba asiachane na wenzake.

Mwanao,
Fanueli

Lukozi
21 Machi 1974

Fanueli,

Salamu zako kaa nazo. Kaka yangu amerudishwa juu ya magunia, kichwa kimebonyea, jicho moja limepasuka. Hasemi. Wenzake wanasema ni wewe. Ni wewe? Mtu aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ulipougua surua? Nijibu upesi kabla sijawasadiki.

Mama yako

Mchangani
27 Machi 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Mjomba anaendeleaje?

Ni mimi. Taa hakuwasha, alitii. Lakini alimsikia kasa akikoroma, akasogea, akaona machozi. Kasa wote hutokwa na machozi wakitaga, mama, hawaumwi! Yeye akasema huyu amekwama, akaenda kumzalisha kama anavyowazalisha ng'ombe wake. Nilikuta mtu ameinama gizani, mkono umezama ndani ya kasa mpaka kiwiko. Rungu la kwanza sikumjua. Akapiga kelele, "Fanueli, ni mimi!" Nikampiga tena. Nilikuwa nimeshapandwa na hasira, mkono haukusimama. Damu yake ilijaa kwenye shimo la mayai.

Niruhusu nije nimwangukie miguuni.

Mwanao,
Fanueli

Lukozi
6 Aprili 1974, Jumamosi alfajiri

Fanueli mwanangu,

Marahaba. Kaka tulimzika Jumatatu. Usije.

Mwanawe Timotheo ananoa panga uani kwangu tangu mazishi, ananiuliza unapatikana wapi. Jana nikamtazama, amefanana na kaka yangu mpaka pua, nikamwambia. Nikamwambia kila Jumamosi unakwenda stendi ya Tanga kuchukua posho ya kambi. Umeniulia ndugu yangu, Fanueli. Nilitaka na wewe ufe. Nililala nikitaka.

Nimeamka sitaki tena, kumbe keshatoka. Nimekimbia mpaka hapa kituoni, naandika juu ya goti, dereva wa basi la Tanga anapiga honi. Nampa yeye barua hii akukabidhi mkononi. Timotheo amekaa nyuma yake, panga limo kwenye gunia la kabichi.

Usiijibu. Mtu wa kwanza kushuka baada ya dereva ndiye yeye. Kimbia, baba, kimbia.

Mama yako