Kiingereza Nilichomficha Wifi

Dada Mwanaidi mpenzi,

Shikamoo. Mvua zimewaachia barabara huko Kinole, au bado mnashusha ndizi kwa kichwa? Na goti la mama? Mimi mzima, nimenenepa kwa mapenzi! Idi wangu huzipasha moto soksi zangu kabla sijaamka. Baridi ya Uingereza ni kali, lakini kifuani pake naisahau.

Sasa sikia nilivyomkomesha wifi Zuhura, dada yake Idi. Unajua tunaishi kwake. Tangu nifike amenifanya mpishi na yaya wa wanawe, na kila nikiomba kazi anajipachika ukalimani. "Huyu wa milimani, Kiingereza hana," huwaambia wageni, nami nipo palepale nawapakulia. Nilinyamaza, maana somo alinifunda: ukweni usijibu. Yeye akadhani ni ujinga.

Kumbe jikoni Idi ananifundisha vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili matatu, vilivyonitoa jasho sekondari. Look ni kutazama, lakini look after ni kutunza, na look down on ni kudharau. Nikipatia, nabusiwa. Nikikosea, nabusiwa pia, ndiyo maana hatumalizi! Hicho cha kudharau nilikikariri huku namkazia wifi macho mgongoni.

Juzi niliitwa kwenye usaili, nyumba ya kutunzia wazee. Wifi akanifuata. Mama msimamizi akauliza kama nimewahi kutunza mzee, wifi akadakia kwamba sijawahi, naye anajua fika! Na bibi yetu niliyemgeuza kitandani mpaka tukamzika? Nikajiambia, hapa ofisini si ukweni.

"I looked after my grandmother until she died," nikasema. Kisha nikamgeukia: "Wifi, kanisubiri nje."

"He! Tatu, unasema wewe?"

"Nje, wifi."

Kazi nimepata, na Idi amepata chumba, chetu wawili! Tunahama Jumamosi, siku ambayo wifi amealika wageni wake walewale waje kula pilau yangu. Idi alisema tuahirishe, nikakataa. Nataka tupishane nao mlangoni, niwakaribishe kwa Kiingereza, sufuria zikiwa tupu.

Msalimie shemeji, mumeo, na mjomba muuza machungwa wa Mikese. Mama msomee yote isipokuwa mabusu.

Mdogo wako, mke wa Idi (napenda kuliandika hilo!),
Tatu