Hariri, Mbwa wa Paja Moja

Mwaka umezunguka, Hariri, tangu mchana ule wa joto ulipofumba macho yako makubwa, usiyafumbue tena. Tungependa kusema kwamba ulituacha ukiwa mikononi mwetu. Hukuwa mikononi mwetu. Ulifia kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu, na mpaka leo Mama akifika kwenye habari hiyo husimamisha cherehani, huvua miwani na kuipangusa, ingawa si chafu.

Tunaandika sisi kwa sababu yeye amekataa. "Andikeni nyinyi," alisema. "Mimi nikianza nitamtukana, na marehemu hatukanwi." Basi sikiliza, ukiwa umejikunjia mkia mgongoni kama ulivyozoea, ukijifanya hayakuhusu.

Ulikuja kwetu ndani ya kikapu cha nguo. Mteja wa Mama, yule mwanamke mrefu aliyeshonewa mapazia ya nyumba nzima, alikuwa anahama nchi, na huko alikokuwa anakwenda hakuruhusiwa kuingia na mbwa kwenye nyumba ya kupanga. "Fundi, nimewapitia watu wote ninaowajua," alimwambia, "nikaona wewe unakaa kitako kutwa nzima. Huyu anataka mtu anayekaa."

Mama hakuwahi kufuga hata kuku. Alikuinua, mkatazamana. Uso wako ulikuwa bapa kama wa mtu aliyegongana na mlango, pua imedidimia katikati ya macho, manyoya ya shingoni yamesimama kisimba, miguu ya mbele imepinda. Alipokuweka chini ulitembea ukiyumba, kama mama mnene aliyebeba ndoo mbili, ukaenda moja kwa moja chini ya cherehani, ukaulalia mguu wake wa kushoto na kuanza kukoroma. Mama akainama akayapapasa manyoya yako, ya juu marefu na magumu kidogo, ya chini laini kupita kiasi. "Kitambaa hiki sijawahi kukikata," akasema. Hapo hapo akakuita Hariri.

Kaka yetu mkubwa, ambaye haoni kitu bila kukipekua kwenye simu, ndiye aliyetusomea habari za ukoo wako. Kwamba nyinyi Pekinizi mlifugwa Uchina karne na karne, kwenye majumba ya wafalme, na wale wadogo kabisa kati yenu walibebwa ndani ya mikono mipana ya majoho ya watu wa ikulu. Kwamba wapo wanaosimulia kuwa simba alimpenda kima, akaomba apunguzwe mwili lakini aachiwe moyo wake, na nyinyi ndio wajukuu. Kwamba askari wa Kizungu walipoivamia ikulu moja waliwakuta watano wenu wameachwa, wakawachukua, na mmoja akaenda kukaa kwa malkia wao.

"Kwa hiyo waliibwa," alisema Mama.

"Walitekwa, Mama. Ilikuwa vita."

"Sawa. Na huko kwa malkia walikaa tu, hawakutoroka kurudi?"

Kaka akapekua tena simu. Akaendelea na tabia zenu: kiburi, ukaidi, kuitwa mara kumi na kuitika mkitaka, ujasiri usiolingana na urefu wa miguu, si mbwa wa kumrukia kila mgeni mlangoni, bali huchagua mtu wake na kushikamana naye. Mama akaweka mkasi chini. "Rudia hapo."

Kuanzia siku ile hilo likawa wimbo wake. Kila mteja aliyesimama kupimwa aliusikia, tepu ikiwa kiunoni. "Huyu ana paja moja tu. Inua mkono. Hata umpe nyama, haji kwako. Geuka. Ukoo wao ndivyo ulivyo, huchagua mtu mmoja basi." Na wewe ulimsaidia katika uongo huo vizuri sana. Mama Pacha, jirani yetu, alikuita siku moja kwa sauti tamu na kipande cha mkate. Ulimtazama, ukapiga chafya, ukamgeuzia mgongo. Mama alicheka wiki nzima.

Tunataka wasomao wajue ulivyotunzwa, wasije wakadhani uliondoka kwa njaa. Asubuhi alikupangusa mikunjo ya uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu alishaambiwa kwamba ikibaki na unyevu huota vidonda. Jioni alikuchana kwa kitana alichokuwa amejinunulia mwenyewe. Pua zenu fupi hazivumilii joto, kwa hiyo siku za jua kali alimwagia sakafu maji na wewe ukajitandaza tumbo chini. Alikushonea ukanda wa shingo wa kitambaa chekundu, kwa mshono wa nyoka, wa kupindapinda, aliofundishwa na Bibi, mama yake, ambao siku hizi mafundi hawana subira nao.

Na alikuwa akizungumza nawe. Hapo ndipo panapouma.

Nyumba yetu ni nusu ya nyumba ya Bibi. Nusu ya pili ni ya Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye ni kinyozi. Bibi alipofariki, kabla hata matanga hayajapoa, Mjomba aliiuza cherehani ya Bibi. Hakumwambia mtu. Ile ndiyo cherehani ambayo Mama alijifunzia akiwa bado anasimama juu ya kigoda ili afikie gurudumu. Mjomba akaitumia fedha yake kununua kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka, chenye ngozi nyeusi na mahali pa kuegemeza kichwa. Mama alijenga ukuta katikati ya ua. Chini ya ukuta aliacha tundu moja la kupitishia maji ya mvua, na miaka yote hiyo ndugu hao wawili walisikia kila mmoja kikohozi cha mwenzake bila kupeana hata salamu.

Wewe ndiye uliyeambiwa hayo. Mchana hadi mchana, ukiwa umelalia mguu wake, ulisikia habari za cherehani na habari za kiti. Ulisikia kwamba hatamsamehe. Mara moja, Mama alidhani nyumba ina watu wawili tu, yeye na wewe, lakini dada yetu alikuwa jikoni: ulisikia pia kwamba yule mdogo wake alikuwa akibebwa mgongoni mwake alipokuwa mtoto, na kwamba sauti yake ikivuka ukuta akiwachekesha wateja, yeye huacha kukanyaga cherehani ili asikie mwisho wa kichekesho. Uliyasikia yote hayo, ukakoroma, na Mama akadhani siri imefika mahali salama.

Kila jioni akikuchana alikuta kifua chako kina vumbi jeupe. "Nimekuchafua tena na chaki yangu," alikuambia. "Nisamehe, mwanangu." Alikuomba radhi, Hariri. Akaiacha chaki, akaanza kuchora vitambaa kwa kipande cha sabuni, kama mafundi wa zamani. Vumbi halikuisha. Akasema ni sabuni, na akasifu inavyonukia. Akikuta vinywele vyeusi vifupi kwenye manyoya yako ya hudhurungi, alisema unazeeka, unabadilika rangi.

Mchana ule wa joto Mama aliamka kutoka kwenye usingizi wake wa baada ya chakula, akaupapasa mguu wake wa kushoto na kukuta sakafu. Alikuita. Hukuitika, lakini hilo halikuwa jambo geni. Akaangalia chini ya kitanda, ndani ya kikapu, nyuma ya mitungi. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anasema, "Sharubu. Sharubu, amka basi, baba." Mama alipita karibu kabisa na sauti hiyo akiendelea kukutafuta. Hakumjua Sharubu.

Kisha mlango wa mbele ukapigwa hodi. Mama aliijua sauti, na hakusema karibu. Mjomba alisimama kizingitini na shuka lake jeupe la kinyozi mikononi, limefunika kitu. Nyuma yake alisimama mteja aliyenyolewa nusu kichwa, maana katika kutoka mbio hakuna aliyekumbuka kumwambia akae.

"Dada," Mjomba alisema. "Sharubu amekwenda."

"Sharubu ndiye nani?"

Akafunua shuka.

 Mama alikupokea, akakulaza juu ya meza ya kukatia, akakusogelea kwa miwani yake. Alipitisha kidole kifuani mwako, akakinusa. "Hii ni poda," akasema.

"Ndiyo, Dada. Mimi nikimpaka mteja shingoni, nyingine humwagika pale kwenye kiti."

"Kiti kile?"

"Kiti kile. Kikiwa hakina mtu ndipo alipokuwa akilala. Alikuwa anapita kwenye tundu ukishalala mchana. Isipokuwa Jumapili, siku ambayo sifungui."

Sisi wanawe, tunaokaa kwingine na kuja Jumapili, tuliposimuliwa hayo tulijua kwa nini Jumapili ulikuwa hubanduki nyumbani. Tulikuwa tukidhani ni kwa ajili yetu.

"Na ulijua ni wangu?" Mama aliuliza.

"Nisijue vipi? Ana mshono wa Bibi shingoni."

"Ukakaa naye. Hukuniambia."

"Ungeziba tundu."

Ni kweli, Mama angeliziba siku hiyo hiyo. Alikalia kiti chake, mikono juu ya mapaja. "Cherehani ulichukua," alimwambia. "Nikasema basi. Na huyu naye."

"Sikumwita, Dada. Alikuja mwenyewe. Nilikuwa namuuliza kama hujambo."

"Akakujibu nini?"

"Alikoroma."

Mteja wa nusu kichwa akakohoa. "Samahani, mimi nisubiri au niende?"

"Kaa hapo," Mama alimwambia. "Usizunguke mtaani ukiwa hivyo."

Ulizikwa chini ya ukuta, karibu na tundu, upande wetu. Mama hakukubali kabisa uzikwe upande wa pili. Mjomba alichimba, na Mama alisimama juu yake akisimamia kina cha shimo mpaka lilipofukiwa. Mjomba alipomaliza, Mama alimpa maji ya kunawa. Hakumpa kiti.

Ndipo mtaa ulipoanza kutoa ushahidi. Mama Pacha alikiri kwamba kila alipowapeleka pacha wake kunyolewa alikukuta umejikunja kwenye mapaja ya Mjomba, ukilishwa vipande vya mkate kutoka mkononi. Muuza magazeti alijua. Fundi viatu alijua. Wote walisimama mbele ya Mama kupimwa, wakasikia wimbo wa paja moja, wakainua mkono na kugeuka walivyoambiwa. "Nimekuwa kichekesho cha mtaa," Mama alituambia. Tulimwambia watu walimhurumia tu. Akasema ni afadhali kichekesho.

Umemkosea, Hariri, na hatutakuficha kwa sababu umekufa. Mjomba alikuwa adui anayejulikana, ana ukuta wake. Wewe hukuwekewa ukuta. Ulikula kwake, ukaombwa radhi kwa poda ya mtu mwingine, ukabeba maneno ya dada kwa kaka na ya kaka kwa dada, na hukumfikishia yeyote hata moja. Mama anasema kama ungekuwa mtu, angalau ungechongea.

Wiki iliyopita, tulipomkumbusha kwamba mwaka unatimia, alisema nywele zimemzidi. Kesho yake, Jumatatu, akajifunga kanga yake, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka kona, akaingia kwa Mjomba. Dada yetu, aliyekuwa amelala kwake, alimfuata kwa mbali, ndiyo maana tunajua. Mteja aliyekuwa anasubiri alinyanyuka akampisha. Mama alikitazama kiti kile. Mahali pa kuwekea mkono, ngozi ilikuwa imechanwachanwa na kucha ndogo, na humo kwenye michubuko mlikuwa na manyoya ya hudhurungi ambayo hakuna aliyeyasafisha. Aliyagusa. Kisha akageuka, akaketi.

Mjomba alimfunika kwa shuka. Kishikizo, dada yetu anasema, alikikosea mara mbili. Mama akashika upindo wa shuka, akaugeuza juu chini.

"Hili nani alikushonea?"

"Nilinunua tu."

"Ndiyo maana. Linafumuka. Yako mangapi?"

"Yako kadhaa, Dada."

"Yalete yote. Yapitishe mlangoni, si kwenye tundu."

Mashuka hayo yapo hapa sasa, yamerundikwa mezani, na tunapoandika haya cherehani inasikika. Anayapinda kwa mshono wa nyoka, moja baada ya jingine, na kila baada ya muda husogeza mguu wake wa kushoto kidogo, taratibu, jinsi alivyokuwa akifanya ili asikuamshe. Kusamehe bado. Ametuagiza tuliandike hilo waziwazi, na kwamba tusimwandike popote kuwa amelia.

Unakumbukwa na Mama, fundi wako, mwenye lile paja. Na sisi wanawe watatu uliotudanganya kila Jumapili. Na Mama Pacha na pacha wake, walionyamaza. Mwisho kabisa, kwa amri ya Mama awe mwisho lakini awemo, unakumbukwa na Mjomba, ambaye anakuita Sharubu na amekataa katakata tumwandikie jina jingine.

Hutatoka mioyoni mwetu, msaliti wewe. Tundu hatujaliziba.