Ekzosi Kwenye Oveni ya Mama Mkwe

Shoga, nimefumaniwa jikoni! Na nani? Na ekzosi!

Unajua nimeipaka ekzosi ya pikipiki yangu ile rangi ya kuhimili moto. Fundi alisema isipookwa itabanduka. Basi nikaitia kwenye oveni.

Mama mkwe akarudi na wenzake wa kwaya. Harufu ikawapokea mlangoni. Akaenda moja kwa moja kufungua oveni.

"Unaoka BOMBA LA MOSHI?" Mbele ya watu wote, shoga. Bomba la moshi!

Eti nichague, oveni yake au pikipiki.

Oveni YAKE! Wala sikuinamisha kichwa. Nikamwambia, "Mama, oveni hii imenunuliwa na abiria niliowabeba kwa pikipiki hiyo hiyo. Naomba ufunge mlango, bado haijaiva."